Ajali Haina Kinga? Helikopta Iliyoanguka Maswa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani mjini Bariadi, na kuchapwa hapa kwa maombi ya wengi waliokosa kuhudhuria.)



Kamati iliponiandikia ilinipa masharti mawili. La kwanza, nizungumze jambo la sayansi ili vijana wafaidike. La pili, jambo lenyewe lihusu mkoa wetu, ili wazee wasisinzie baada ya chakula. Kwa kuwa miaka mingi ya kazi yangu imepita katika karakana za ndege, nimechagua jambo ambalo nadhani linatimiza masharti yote mawili. Ningependa tuchunguze kwa nini helikopta inayoruka chini huanguka, na tuanze na ile iliyoanguka hapa kwetu, katika Pori la Akiba la Maswa, mwaka 2016.

Nimelichagua pia kwa sababu ya msemo mmoja tunaoupenda sana. Kila panapotokea msiba wa barabarani, ziwani au angani, hutasikia siku mbili zikipita kabla mtu hajasema, "Ajali haina kinga." Msemo huo hufariji wafiwa, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nao. Lakini tukiuchukua kuwa ndiyo maelezo ya chanzo cha ajali, basi tumefunga daftari kabla ya kuanza hesabu. Nataka tulifungue tena.

TUKIO LENYEWE

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Pori la Akiba la Maswa limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa kusini-magharibi, na lipo ndani ya mkoa wetu huu wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Januari 2016, rubani Mwingereza aitwaye Roger Gower, mwenye umri wa miaka 37, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la uhifadhi la Friedkin Conservation Fund, alikuwa akirusha helikopta juu ya pori hilo. Kazi yake ilikuwa kushirikiana na mamlaka za wanyamapori za Tanzania kuwasaka majangili wa tembo. Pamoja naye alikuwamo mwenzake mmoja, raia wa Afrika Kusini.

Majangili waliokuwa chini waliifyatulia helikopta risasi. Kwa maelezo yaliyotolewa siku zile, risasi ilipenya sakafu, ikampata rubani mguuni na begani, kisha ikatokea paani. Gower, ingawa alikuwa amejeruhiwa vibaya, aliweza kuishusha helikopta mpaka ardhini. Mwenzake alinusurika. Yeye mwenyewe alifariki kabla ya waokoaji kumfikia. Siku chache baadaye polisi waliwakamata watuhumiwa, na wakafikishwa mahakamani.

Hayo ndiyo maelezo mafupi. Mtu wa haraka atasema chanzo kinajulikana, kwamba ni risasi, basi tumemaliza. Ni kweli kwamba bila ile risasi kusingekuwa na msiba siku ile. Lakini fundi wa ndege hafundishwi kuuliza "nani?" peke yake. Hufundishwa kuuliza "kwa nini?", na akishajibiwa huuliza tena, mpaka afike mahali ambapo mkono wa mtu ungeweza kukata mnyororo. Basi tuuchukue mnyororo huo pete moja moja.

HELIKOPTA NA BAISKELI

Pete ya kwanza ni maumbile ya helikopta yenyewe. Vijana, hapa mfungue masikio, maana hii ni fizikia yenu.

Ndege ya kawaida ina mbawa zilizokazwa, nayo hubebwa na hewa inayopita juu na chini ya mbawa hizo wakati inakwenda mbele. Helikopta pia ina mbawa, ila mbawa zake ndizo yale mapanga marefu yanayozunguka juu ya paa. Yakizunguka kwa kasi inayotakiwa, helikopta hubebwa. Kasi ikipungua kupita kiasi, mapanga hayawezi tena kubeba kitu, na helikopta huwa sawa na jiwe.

Watu wengi huamini kwamba injini ya helikopta ikizimika angani, habari imekwisha. Hasha! Hakuna mtu katika mkoa huu asiyewahi kupanda baiskeli. Ukiwa kileleni mwa mlima ukaacha kupiga pedeli, gurudumu haligomi, bali huendelea kuzunguka kwa sababu ya friwili, na mteremko ndio unaokuendesha. Helikopta nayo ina friwili yake kati ya injini na mapanga. Injini ikifa, friwili huyaachia mapanga yaendelee kuzunguka. Rubani anatakiwa kushusha mara moja lile wenzo lililo kwenye mkono wake wa kushoto, ili mapanga yalale na yasikamate hewa nyingi. Helikopta inaposhuka, hewa inayotoka chini huyazungusha kama upepo unavyozungusha pampu ya maji. Karibu na ardhi rubani huinua wenzo, mapanga hukamata hewa kwa nguvu zote zilizobaki, na helikopta hutua taratibu. Nguvu hiyo ni ya mara moja tu. Ukiitumia mapema, hukopeshwi nyingine.

Sasa angalieni hesabu. Helikopta ndogo ikishuka kwa namna hii hupoteza kama mita 8 au 9 kwa sekunde. Aliye juu mita 300 ana zaidi ya nusu dakika ya kutafuta mahali peupe, kugeuka kukabili upepo na kujiandaa. Aliye juu mita 30 ana sekunde tatu au nne, na kati ya hizo moja nzima humpotea akishangaa. Tena ikiwa alikuwa amesimama angani au anakwenda polepole, hana hata mwendo wa kumsaidia, na hizo mita 30 hazitoshi kuyarudishia mapanga kasi yake.

Kwa hiyo marubani wote wa helikopta hufundishwa mchoro mmoja unaoonyesha urefu na mwendo ambavyo havifai kuwa pamoja. Sehemu ya hatari ya mchoro huo ni kuwa juu mita chache hadi mita mia moja na zaidi, huku ukienda polepole. Mkulima wa pamba ataelewa upesi nikisema hivi: urefu ni ghala la kwanza, mwendo ni ghala la pili. Mwenye moja kati ya hayo akipatwa na kiangazi ataponea hapo. Asiye na hata moja, kiangazi cha siku moja tu kinammaliza.

MITEGO MINGINE YA CHINI

Pete ya pili ni kwamba huko chini ndiko kulikojaa mambo ya kugongana nayo au kukuvuta.

Liko suala la ndege wa porini. Tarehe 10 Januari 1959, Mjerumani kijana Michael Grzimek alikuwa akirusha ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti aliyokuwa akiifanya na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek. Ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ile haikuwa helikopta, lakini kazi ilikuwa ya namna ileile ya kuruka chini kutazama wanyama. Palipo na mizoga pana tumbusi, na anayewasaka majangili huifuata mizoga.

Ziko nyaya za umeme. Waya mwembamba dhidi ya anga la kijivu hauonekani mpaka umeukaribia, na rubani mwenye uzoefu hutafuta nguzo badala ya kutafuta waya. Kwa kadiri umeme unavyofika vijijini, na ni jambo jema linalostahili kushangiliwa, ndivyo kazi ya kuruka chini inavyozidi kuwa ngumu.

Iko hewa yetu wenyewe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mito yetu inaliteremkia, kwa hiyo sisi tuko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Mahali palipo mita 1,300, siku yenye joto la nyuzi 30, mapanga na injini hufanya kazi kana kwamba viko zaidi ya mita 2,000. Helikopta iliyoinuka Dar es Salaam ikiwa na watu wanne bila taabu, hapa saa nane mchana inaweza kukosa nguvu ya kusimama angani na mzigo uleule.

Uko upepo wa mgongoni. Rubani anayezunguka mahali pamoja akiangalia kitu ardhini hutazama ardhi kuliko vipimo vyake. Akigeuka na upepo ukawa nyuma yake, ardhi inapita mbio chini yake na yeye hudhani ana mwendo wa kutosha, kumbe hewani karibu amesimama. Akipunguza mwendo kidogo tu, helikopta huzama, au mkia huzunguka bila kutii. Huko juu angekuwa na nafasi ya kurekebisha. Chini hana.

Tena nisieleweke kwamba kila aangukaye kutoka chini hufa. Tarehe 13 Aprili 2014, helikopta ya jeshi iliyokuwa na Makamu wa Rais wa wakati ule, Dkt. Mohamed Gharib Bilal, pamoja na Waziri wa Ujenzi, Dkt. John Magufuli, ilianguka katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam walipokuwa wakienda kukagua maafa ya mafuriko. Hakuna aliyefariki. Aliye karibu kabisa na ardhi huanguka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi ya kwanza. Hatari ni zile ngazi za katikati.

KWA NINI BASI ALIRUKA CHINI?

Ndugu Mwenyekiti, najua swali linalowawasha wengi hapa. Kama chini ni hatari kiasi hiki, kwa nini askari wa wanyamapori na marubani wao huruka chini?

Jibu ni kwamba kazi inawalazimisha. Aliye juu sana haoni mtu aliyejibanza chini ya mgunga, hawezi kutofautisha mzoga wa leo na wa juzi, wala kuona nyayo zilikoelekea. Barabara porini ni chache, na majira ya mvua udongo wetu mweusi wa mbuga hushika gari kama gundi. Helikopta inafika kwa dakika ishirini mahali ambapo gari lingefika kesho. Kwa hiyo sitamhukumu marehemu kwa kuruka chini, na yeyote asiyewahi kufanya kazi ile asimhukumu. Gower alikuwa pale kwa sababu pale ndipo palipokuwa na kazi.

Lakini hapa ndipo pete ya tatu ilipo. Helikopta ndogo zinazotumika sana katika uhifadhi zimetengenezwa ziwe nyepesi na ziwe na gharama nafuu. Robinson R44, kwa mfano, ina viti vinne, injini moja ya mafuta ya petroli ya ndege na mapanga mawili, na uzito wake wote ikiwa na watu na mafuta ni kama kilo 1,100, yaani hauzidi wa gari dogo la kutembelea. Sakafu ya chombo cha namna hiyo ni bati jembamba la aluminiamu. Risasi ya bunduki ya kivita huenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Aliye mita mia moja juu ya bunduki hiyo hupigwa kabla hajausikia mlio.

Mtasema, basi wawekewe vyuma vya kuzuia risasi. Vipo, na jeshi huvitumia. Lakini kila kilo ya chuma ni kilo moja ya mafuta iliyoachwa uwanjani, na nimekwisha kuwaeleza hewa yetu ilivyo. Helikopta ndogo yenye vyuma vizito itakuwa salama dhidi ya bunduki na dhaifu dhidi ya joto. Katika ufundi wa ndege hakuna zawadi. Kila kitu hulipiwa kwa kitu kingine.

MIKONO MIWILI NA MIGUU MIWILI

Pete ya nne hukumbukwa mara chache, nami naomba vijana waikumbuke. Rubani wa helikopta hutumia viungo vyake vyote vinne kwa wakati mmoja. Mkono wa kulia unashika usukani, wa kushoto unashika wenzo la kupanda na kushuka, na miguu miwili inasukuma pedeli zinazotawala mkia. Akiachia kwa sekunde chache, helikopta ndogo haibaki ilivyo kama ndege ya kawaida iliyotulia. Huanza kwenda inakotaka.

Sasa mfikirie mtu aliyepigwa mguuni na begani, damu ikimtoka, na bado akaifikisha helikopta ardhini na mwenzake akapona. Sisi mafundi hatuna mazoea ya maneno makubwa, lakini tunajua kazi ngumu tukiiona.

Jambo la kujifunza hapa ni kwamba rubani mmoja ni pete moja, na pete hiyo ikikatika hakuna nyingine. Linganisheni na yaliyotokea mashariki ya Kongo tarehe 5 Februari 2023. Helikopta ya jeshi la Afrika Kusini, iliyokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilipigwa risasi ikiwa angani kutoka Beni. Mmoja wa wahudumu wake aliuawa na mwingine akajeruhiwa, lakini helikopta ilifika na kutua uwanja wa Goma. Ile ni helikopta kubwa inayorushwa na kikundi, haitegemei mtu mmoja. Hatuwezi kuyapa mashirika yetu ya uhifadhi helikopta za ukubwa huo. Lakini tunaweza kuuliza kama yule anayekaa kiti cha pili anaweza kufundishwa walau kuishikilia helikopta iende sawa, na kuishusha penye uwazi. Ni masaa machache ya mafunzo, na bei yake ni ndogo kuliko jeneza.

Pete ya tano ni muda baada ya kuanguka. Mtu anayetokwa damu nyingi huhesabiwa kwa dakika. Porini dakika hizo ziko mikononi mwa aliye karibu naye. Kitambaa cha kukaza juu ya jeraha la mguu au mkono, bandeji za kukandamiza damu, redio ya mkononi inayofanya kazi hata ya helikopta ikivunjika, na kile chombo kidogo kinachotuma ishara ya mahali ulipo kupitia setilaiti, vyote hivyo vinaingia katika mkoba mmoja. Sisemi kwamba vingemwokoa marehemu, maana majeraha yake yalikuwa makubwa mno. Nasema kwamba siku nyingine, kwa mtu mwingine, ndivyo vitakavyoamua.

PETE ILIYOKO NJE YA HELIKOPTA

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema mambo ya mafundi. Sasa nifike kwenye pete ya kwanza kabisa, ambayo nimeiacha makusudi mpaka mwisho. Yule mtu mwenye bunduki alitoka wapi?

Alitoka katika biashara. Hesabu za Serikali yetu zilionyesha kwamba mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000, na mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Katika miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu. Meno yale hayakuliwa na mchwa. Yalibebwa, yakahifadhiwa, yakasafirishwa mpaka bandarini na kuuzwa nchi za mbali, na kila hatua palikuwa na mtu aliyelipwa na mtu aliyenyamaza.

Jangili wa porini ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote katika mlolongo huo, na ndiye wa kwanza kwenda jela. Mara nyingi ni kijana wa kijiji cha jirani, anayelijua pori kwa sababu alichunga ng'ombe kandokando yake. Hapa nitasema jambo ambalo huenda halipendezi siku ya sherehe. Watoto wa vijiji vyetu wako pande zote mbili za bunduki. Wapo waliovaa sare za askari wa wanyamapori, na kati yao wamo waliokaa katika madawati ya shule hii. Na wapo waliokwenda upande wa pili. Tukisema "majangili" kana kwamba ni watu walioshuka kutoka mwezini, tunajidanganya. Mtu anayelala porini wiki moja amekula chakula cha nani? Baruti yake ilipita njia gani? Bunduki ilifichwa nyumba ipi? Kijiji kinajua. Kijiji hakikosi kujua.

Basi mnyororo wa ile ajali ulianzia mahali ambapo hapakuwa na helikopta wala rubani. Ulianzia pale mtu mmoja alipomwona mgeni mwenye mzigo mrefu uliofungwa kwa gunia, akasema moyoni, "Hayanihusu." Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Maswa ulikuwa mbali sana na Maswa.

UVUMI NA UCHUNGUZI

Kabla sijamaliza, niseme machache juu ya desturi yetu ya kueleza ajali. Mwaka 2012, tarehe 10 Juni, helikopta ya polisi ya Kenya ilianguka katika msitu wa Ngong, ikaua Waziri George Saitoti na wote waliokuwamo. Tarehe 15 Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi wetu mkuu, Mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, alifariki katika helikopta iliyoanguka Selous. Tarehe 18 Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wenzake muda mfupi baada ya helikopta yao kuruka huko Elgeyo Marakwet. Kila mara, moshi ulikuwa haujaisha kabla ya vijiwe vya kahawa kutoa hukumu. Wengine walisema ni njama, wengine ni uchawi, wengine ni siku yake tu iliyofika.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaosimamia usafiri wa anga duniani una kiambatisho chake cha 13, kinachohusu uchunguzi wa ajali. Kinasema wazi kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Kazi ya kulaumu ni ya polisi na mahakama, nayo ni kazi ya lazima. Lakini kazi hizo mbili hazifanani. Mahakama ikimfunga jangili imetenda haki kwa marehemu. Haijamsaidia rubani atakayeruka kesho, mpaka mtu mwingine aulize maswali mengine: Je, palikuwa na mpango wa kujitenga mara tu mzoga wenye damu mbichi ulipoonekana? Je, kikosi cha ardhini kilikuwa karibu? Je, ndege ndogo isiyo na rubani ingeweza kutangulizwa? Siku hizi vyombo hivyo vipo, na kikipigwa risasi hakiachi mjane.

Uvumi nao ni ajali. Unafunika ushahidi, na unatufundisha kwamba hakuna la kufanya.

LA KUFANYA

Basi tufanye nini sisi wazee wenye vitambi na vijana wenye mitihani? Naomba mambo matatu.

La kwanza, kila mwanachama anayeishi katika vijiji vinavyopakana na pori, iwe Bariadi, Itilima au Meatu, azungumze katika mkutano wa kijiji chake juu ya habari za bunduki na wageni. Asisubiri mpaka helikopta ipite.

La pili, shule yetu ifundishe huduma ya kwanza kwa vitendo, hasa kuzuia damu. Kule Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani, watu 19 walifariki na 24 waliokolewa, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Mwokoaji wa kwanza siku zote ni jirani. Na kama helikopta ikianguka au kutua ghafla karibu nanyi, shikeni haya: subirini mapanga yasimame, mwendeeni rubani kwa mbele anakoweza kuwaona, kamwe si kwa upande wa mkia, msishuke kuiendea kutoka kwenye mteremko wa juu, maana huko mapanga yako karibu na vichwa, msivute sigara, waya uliokatika msiuguse, na aliyeumia msimvute ila kama kuna moto.

La tatu ni la vijana. Someni ile fizikia. Nchi hii inahitaji marubani na mafundi wake yenyewe, watakaojua hewa ya Simiyu saa nane mchana bila kusimuliwa, na wachunguzi watakaokwenda mahali pa ajali na kamba ya kupimia wakati wengine wanakwenda na uvumi.

Ndugu Mwenyekiti, nilianza na msemo, na sikukusudia kuufuta. Iko ajali isiyo na kinga, kwa maana binadamu si Mungu. Lakini ile ya Maswa ilikuwa na pete nyingi, na karibu kila pete ilikuwa na mahali ambapo mkono wa mtu ungeshika. Marehemu alishika yake mpaka mwisho. Zilizobaki ni zetu.

 Naona wapishi wamekwisha kuchungulia mlangoni mara mbili, nami tangu zamani katika shule hii sikuwahi kuwachelewesha watu kwenda kula.